Suti au kuchanganya? Njia mbili za kupiga kura sita, kutoka Kisumu hadi Nakuru

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027, na mabishano yameshaiva. Panda matatu ya Nakuru asubuhi usikie "wantam", muhula mmoja tu, kiti cha mbele na "tutam", mihula miwili, kiti cha nyuma. Kisumu ndiko kugumu zaidi. Watu waliopiga kura upande mmoja tangu kura ya maoni ya katiba ya chungwa na ndizi, 2005, leo hawasikizani kuhusu Rais William Ruto: huyu anasema serikali jumuishi, ya Ruto na ODM, chama cha Raila Odinga, imeleta kazi nyumbani, yule anasema tumeuzwa mchana kweupe.

Kuhusu rais kila mtu ana lake, nami sitakuchagulia. Swali langu ni la karatasi tano zinazobaki: gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti. Uzipige suti, yaani chama kimoja kutoka juu hadi chini, au uchanganye?

Wa suti atakuambia rais asiye na wabunge ni kelele tu, kila mswada wake utakwama na miaka mitano itaishia kwa malumbano. Wa kuchanganya atakujibu kwamba bunge la rais ni muhuri wa mpira. Mimi naegemea kuchanganya, ila si kwa karatasi zote, na si kila kaunti kwa njia ile ile.

Bungeni: je, suti huondoa mkwamo?

Huondoa mkwamo wa aina moja. Serikali ikiwa na namba, mswada wake utapita, wananchi waseme wasemavyo. Mfano tunao, na mlango wake uko Nakuru. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitia Kamati ya Fedha iliyoongozwa na Kimani Kuria, mbunge wa Molo, aliyerudi Bungeni kwa UDA, chama cha Ruto, wakati wa wimbi la 2022. Juni 25, wabunge 195 waliuunga mkono na 106 wakaupinga. Hapo hapakuwa na mkwamo wowote, hesabu ilikwenda kama walivyotuahidi wapenda suti. Siku hiyo hiyo vijana waliingia majengo ya Bunge, watu wakapigwa risasi na kufa, na kesho yake Rais akakataa kutia saini mswada ule ule ambao wabunge wake walikuwa wameubeba hadi mwisho. Ubishi uliokosa nafasi ndani ya ukumbi ulikuwa umehamia barabarani, Nairobi, Kisumu, Nakuru na kwingineko.

Kuna mkwamo wa pili ambao suti haiugusi kabisa, nao ni ule wa wabunge wenyewe kutotaka. Februari 2019 Bunge lilikuwa na mswada wa kutimiza sheria ya thuluthi mbili ya jinsia. Rais Uhuru Kenyatta aliutaka na kiongozi wa upinzani Raila Odinga aliutaka. Wawili hao walikuwa wameshikana mikono mbele ya Harambee House tangu Machi 2018, kwa hiyo vyama vikubwa vyote viwili vilikuwa upande mmoja. Kubadilisha Katiba kunahitaji wabunge 233 kati ya 349. Waliojitokeza ukumbini walikuwa 174, mswada ukafa kwa kukosa akidi. Mwaka uliofuata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Halikuvunjwa. Basi mtu akikuambia kwamba upinzani ndio unaokwamisha sheria nchini, mwulize juu ya siku ile.

Sasa upande wa kuchanganya, maana nao una madeni yake. Mwaka 2022 Azimio, muungano wa Raila, ulitoka kwenye debe na wabunge wengi kuliko Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Ungedhani nchi imejipatia bunge la kumkagua rais. Ndani ya wiki chache baadhi ya vyama vidogo vilihamia kwa mshindi, na Spika Moses Wetang'ula, mwana wa Bungoma, akatamka kuwa Kenya Kwanza ndio wengi. Februari 2025 Mahakama Kuu ilisema alikosea. Siku chache baadaye akatoa uamuzi mwingine ambao matokeo yake yalikuwa yale yale. Kwa hiyo unaweza kumpigia mbunge wa upinzani ukamkuta ameketi ng'ambo kabla wino wa kidole haujatoka.

Na Nyanza mnakumbuka ya 2023. Kikundi cha wabunge wa ODM kilikwenda Ikulu Februari, wakaitwa wasaliti, na Septemba chama kikatangaza kuwafukuza watano, miongoni mwao Seneta Tom Ojienda wa Kisumu, Gideon Ochanda wa Bondo na Elisha Odhiambo wa Gem. Haikupita hata mwaka, Agosti 2024 chama chenyewe kilikuwa ndani ya baraza la mawaziri: John Mbadi akakabidhiwa Hazina, Wycliffe Oparanya vyama vya ushirika, Hassan Joho madini, na Opiyo Wandayi kawi. Wandayi ndiye aliyekuwa kiongozi wa wachache katika Bunge la Kitaifa, akiongoza upinzani dhidi ya Mswada wa Fedha mwezi wa sita. Kosa la wale watano, ukiniuliza, lilikuwa kufika mapema.

Mkwamo una bei, na Ugunja waliilipa

Hapa lazima nimpe mtu wa suti haki yake. Pande mbili zikishindwa kabisa kuelewana juu ya uongozi wa rais, anayeumia ni mtu wa kijijini, na si nadharia.

Januari 2023 muda wa Wafula Chebukati na makamishna wenzake wawili wa IEBC, tume ya uchaguzi, uliisha. Serikali na upinzani hawakuelewana nani awachague wapya. Wakaenda Bomas kuzungumza kuanzia Agosti hadi Novemba, kisha sheria, kisha kesi, na makamishna wapya chini ya Erastus Ethekon wakaapishwa Julai 2025. Miaka miwili na nusu nchi haina tume ya kuendesha hata uchaguzi mdogo. Wandayi alipoteuliwa waziri, kiti cha Ugunja, Siaya, kikabaki wazi. Malava, Kakamega, ikampoteza Malulu Injendi Februari 2025, nayo ikangoja. Viti vyote viwili vilijazwa Novemba 27, 2025. Ugunja walikaa mwaka mzima na zaidi bila mtu wa kusimama Bungeni kusema neno kwa niaba yao, huku wakilipa kodi kama wengine.

Lakini angalia vizuri kilichokwamisha. Kura za sheria hazikukosekana. Kilichokosekana ni kuaminiana juu ya refa wa uchaguzi. Rais angekuwa na wabunge 300 bado jambo hilo lingehitaji upande wa pili ukubali, maana tume iliyochaguliwa na upande mmoja haimalizi ugomvi, inauahirisha tu hadi siku ya matokeo. Na matokeo yetu hukaribiana: 2022 Ruto alipata asilimia 50.49, Raila 48.85.

Pesa

Hofu kubwa ya mashinani ni kwamba ukichagua mbunge wa upinzani utakosa maendeleo. Hofu hii ina ukweli mdogo kuliko inavyouzwa. Hazina ya CDF, pesa za maendeleo ya maeneo bunge, iliyoanza 2003, hugawiwa maeneo bunge yote 290 kwa sheria, na fomula haiulizi chama. Mahakama Kuu ilitamka 2024 kwamba sheria yake inakiuka Katiba, lakini hilo ni zigo la wabunge wote kwa pamoja. Basari ya mtoto wako Nyando na ya mtoto wa Bahati zimekuwa zikitoka mfuko mmoja.

Ugomvi mkubwa wa pesa mara nyingi haufuati vyama hata kidogo. Shilingi bilioni 10.5 za ukarabati wa barabara ziliwagonganisha wabunge na magavana kwa miezi mingi, na hapo hukuona UDA wala ODM, uliona wabunge huku na magavana kule. Mwaka 2025 Bunge la Kitaifa lilitaka kaunti zipewe bilioni 405, Seneti ikataka 465, na kamati ya upatanishi ikatua kwa 415. Mabunge yote mawili yalikuwa mikononi mwa marafiki wa rais. Suti ilikuwepo na mvutano ulikuwepo.

Miradi mikubwa ya kitaifa ndiyo inayopendelea walio karibu na Ikulu, hilo silikani. Ila jiulize Nyanza ilifikaje karibu. Haikumpigia Ruto suti 2022. Ilipiga suti ya chama chake yenyewe, dhidi yake, na kwa uzito wa suti hiyo ikapata viti barazani na mkataba wa vipengele kumi uliotiwa saini KICC, Machi 7, 2025. Wanaoshabikia suti husahau tofauti hii: suti ya chama cha rais na suti ya chama cha nyumbani ni vitu viwili. Ya kwanza humpa rais raha. Ya pili humlazimisha kubisha hodi.

Shida ya suti ya nyumbani ni kwamba ilimtegemea mtu mmoja wa kuizungumzia. Raila alifariki Oktoba 15, 2025. Suti imebaki kabatini, fundi aliyejua vipimo hayupo. Mkazi wa Kisumu anayepanga kupiga ODM sita zote 2027 ajiulize nani atakayekwenda kukaa mezani na kura zake, na kama atarudi nazo.

Gavana na MCA: hapa ndipo watu hukosea hesabu

Wengi hubishana juu ya rais na Bunge, kisha gavana na MCA wakawapigia kwa mazoea. Ilhali mkwamo unaokugusa haraka zaidi ni wa kaunti. Bajeti ikikwama kwenye bunge la kaunti, dawa haifiki zahanati na mshahara wa muuguzi unachelewa. MCA ndiye hupitisha bajeti hiyo, huwachuja mawaziri wa kaunti, na wakifika thuluthi mbili humfikisha gavana Seneti.

Je, kumpa gavana MCA wa chama chake kunaleta amani? Tazama Kericho. Gavana Erick Mutai ni wa UDA na bunge lake limejaa UDA. Oktoba 2024 MCA 31 kati ya 47 walipiga kura ya kumtimua, Seneti ikasema 31 haitoshi thuluthi mbili. Agosti 2025 wakarudi tena, na Seneti ikaitupa tena hoja kwa sababu hiyo hiyo ya hesabu. Tazama Siaya, ODM juu hadi chini: Naibu Gavana William Oduol alikosana na Gavana James Orengo, MCA wakamtimua Juni 2023, Seneti ikamwokoa. Na Nakuru kwenyewe, Gavana Susan Kihika na Seneta Tabitha Karanja waliingia pamoja kwa tiketi ya UDA, lakini wamerushiana maneno hadharani kiasi kwamba mgeni angedhani ni wapinzani wa kuzaliwa. Hata karatasi ya kwanza yenyewe, yenye majina mawili, haikudumu: Oktoba 2024 wabunge 281 walipiga kura ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, zaidi kidogo ya miaka miwili tangu aapishwe pamoja na Ruto.

Basi tuchanganye huru? Polepole. Meru walimchagua Kawira Mwangaza 2022 akiwa mgombea huru, bila chama cha kumshikia bunge la kaunti. MCA walianza kumtimua mwaka ule ule, wakarudia 2023, na Agosti 2024 Seneti ikakubali. Nyamira, Gavana Amos Nyaribo aliingia kwa chama kidogo cha UPA, na bunge la kaunti likapasuka hadi kukawa na watu wawili wanaodai uspika. Hoja ya kumtimua ilianguka Seneti mwishoni mwa 2025, nayo kwa hesabu ya kura. Chama kimoja hakizuii vita, lakini gavana asiye na watu wake kabisa katika bunge hilo huanza kazi akiwa ameshazingirwa.

Kwa hiyo kipimo changu kwa kaunti ni hiki. Ukimpenda gavana wa chama fulani, hakikisha wadi kadhaa zinakwenda kwa chama hicho, lakini wadi yako mpe MCA unayemjua, wa chama chochote. Nakuru ina wadi 55. Wadi moja kwenda kwingine haiangushi kaunti, ila MCA asiyejua daraja lako limebomoka wapi atakukosesha usingizi kila msimu wa mvua.

Seneta ni tofauti, na ndiye ningemchanganya kwanza. Katika mambo yanayohusu kaunti, kila kaunti ina kura moja Seneti, na aliyechaguliwa ndiye kiongozi wa kuipiga. Seneti pia ndiyo humhukumu gavana. Kumpa gavana na seneta chama kimoja ni kumteua mshtakiwa na hakimu siku moja. Kweli, Nakuru inaonyesha kwamba wa chama kimoja pia hugombana. Lakini ugomvi wa ndani ya chama mara nyingi ni wa nani atawania nini kesho, na hauna uhusiano na vitabu vya hesabu.

Sasa, wewe uko wapi?

Kakamega na Busia hawahitaji mafunzo yangu, wao ndio walimu. Kakamega 2022 ilimpa Raila kura za urais, ikamchagua Fernandes Barasa wa ODM kuwa gavana, na ikampeleka Boni Khalwale wa UDA Seneti. Busia, ngome ya Raila vile vile, ilimchukua Paul Otuoma wa ODM, kisha ikamchagua Okiya Omtatah, mtu wa chama kidogo, akawa seneta. Mwaka uliofuata Omtatah alikuwa mahakamani akiipinga Sheria ya Fedha ya 2023, na Novemba Mahakama Kuu ikatamka kwamba ushuru wa nyumba unakiuka Katiba. Serikali ililazimika kurudi Bungeni kutunga sheria mpya ya nyumba, iliyotiwa saini Machi 2024. Ukaguzi wa rais mara nyingine haufanywi na wingi wa wabunge. Mtu mmoja mwenye faili chini ya kwapa anatosha. Na mbunge asiye wa rais hakosi kazi: mswada wa sukari uliokuwa sheria Novemba 2024 uliletwa na Emmanuel Wangwe wa Navakholo, ambaye hakuchaguliwa kwa tiketi ya rais.

Kuchanganya kuna taabu yake, hasa ya kumbukumbu. Kwenye foleni moja Kakamega siku ile ya 2022, kijana wa bodaboda alikuwa ameandika majina ya wagombea wake kwenye kiganja kwa kalamu, vyama vitatu tofauti. Jua lilipopanda jasho likafuta jina la chini. Akageuka akauliza waliokuwa nyuma yake, "Yule wetu wa wadi anaitwa nani tena?" Mama mmoja akamjibu, "Ukisahau, nipigie mimi." Foleni nzima ikacheka. Mtu wa suti hana shida hiyo, anatafuta alama ya chama tu, na kwa wazee wasioona vizuri hiyo si hoja ndogo. Andika kwenye karatasi, basi, uiweke mfukoni.

Nakuru ni kaunti ya mawimbi: TNA 2013, Jubilee 2017, UDA 2022. Kila wimbi limewaleta watu ambao hakuna aliyewapima, maana mtu alitosha kuvaa rangi. Hata hivyo 2022 Nakuru Mjini Magharibi ilimrudisha Samuel Arama kwa Jubilee katikati ya mafuriko ya UDA, kwa hiyo wimbi huweza kusimamiwa. Sasa kura ya Nakuru imegawanyika kati ya UDA na DCP, chama kilichozinduliwa na Gachagua Mei 2025, na kila upande utakuomba suti kwa hasira. Kwako nashauri uchanganye mbunge na seneta bila kuogopa. Kaunti yenye makabila mengi kama hii, ikivaa rangi moja, kuna mitaa itakayobaki bila wa kuisemea.

Kisumu ni hadithi nyingine kabisa. Hapa gavana bila tiketi ni ndoto: Jack Ranguma alishindwa kwenye mchujo wa ODM 2017, akawania kama mgombea huru akiwa gavana aliye ofisini, akaangushwa na Anyang' Nyong'o. Siku hiyo hiyo, Kisumu Mashariki ilimchagua Shakeel Shabbir kuwa mbunge, naye akiwa mgombea huru. Mpiga kura wa Kisumu anajua kuchanganya, ila huchanganya kwa mbunge, si kwa gavana. Kwa sehemu kubwa ya viti, uchaguzi wenyewe ni mchujo, na Agosti ni kuthibitisha. Kama unataka kusema lolote juu ya serikali jumuishi au juu ya nani atakusemea Nairobi, sema siku ya mchujo.

Na mchujo una mlango. Chama kikitumia mchujo wa moja kwa moja, wanaopiga kura ni waliomo kwenye sajili yake. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua. Ingia eCitizen, fungua huduma ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa, uone jina lako limelala chama gani. Kama si pako, jiondoe hapo hapo na ujisajili unapotaka, mapema, kabla sajili hazijapelekwa IEBC.